Mwezi wa mchana katika uwanja wa mashine ya unga, Mulekera

Mashine imezimwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi watu wa uwanjani wanasikilizana bila kupaza sauti. Ni saa tisa alasiri mtaani Mulekera, mjini Beni, mashariki mwa Kongo. Virginie Sikitu anapangusa unga kwenye nyusi zake, kisha anavuta beseni la unga wa muhogo uliofagiwa sakafuni, ule usiofaa kuliwa, na kuunyunyizia vumbi jeusi la makaa.

"Nani anaanza kupiga mwezi?" anauliza.

Mikono ya watoto zaidi ya ishirini inanyanyuka. Sadrack, mwenye miaka tisa, anapanda juu ya kiti na kuangusha kokoto. Puu! Unga mweupe unarukia vumbi jeusi na kuacha shimo lenye ukingo na miale pande zote.

"Ni vile mawe ya mbingu ilichimba mwezi," Sikitu anawaambia. Watoto wanagombania zamu.

Sikitu, mwenye umri wa miaka 31, ni msaga unga kwenye mashine ya mzee Apollinaire. Kila Jumamosi kazi ikipungua, uwanja huo unageuka kuwa klabu ya watoto ya elimu ya anga. Darubini hana. Ana unga, makaa, vijiti na jua.

Alizaliwa Mangina, mji mdogo usio mbali na Beni. Huko sekondari, mwalimu wake wa fizikia, Ananie, alizoea kuwatoa darasani wakapime vivuli vyao. Kisha vita vikaifukuza familia hadi Beni, na shule ikaishia hapo.

"Masomo ilikatika, lakini hamu hapana," anasema, akicheka.

Miezi miwili iliyopita klabu nusura ife. Uvumi ulienea mtaani kwamba msaga unga anawafundisha watoto uaguzi. Wazazi wengine wakawazuia watoto wao. Mzee Apollinaire naye, akiogopa kupoteza wateja, akamwonya: malalamiko mengine yakija, uwanja unafungwa.

Yakaja Jumamosi iliyofuata. Lukman, msafirishaji wa mizigo, aliingia uwanjani kumchukua binti yake, Amina.

"Mama Virginie, banasema unafundisha batoto kusoma bahati mu nyota. Miye hapana taka ile."

Mzee Apollinaire alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Papa Amina, bahati hatuisomi," alijibu. "Tunaangalia mwanga tu. Ukishaona, umubebe mutoto, sitakukataza."

Akampa kijiti chenye tonge la ugali lililokauka likawa jeupe na gumu. Nusu ya mwezi ilikuwa tayari imepanda upande wa mashariki, na jua lilikuwa magharibi, nyuma ya mgongo wa Lukman. Amina akaushika mkono wa baba yake, akauinua mpaka tonge likakaa kando ya mwezi.

Tonge lilikuwa limeangaziwa nusu. Nusu ile ile, na mwinamo ule ule, kama mwezi wenyewe.

Lukman alifumba jicho moja. Akalifumbua, akafumba la pili. "Eh! Jua moja inaangaza yote mbili!"

"Ndiyo ile tu, papa," alisema Amina.

Baba huyo hakuondoka. Aliketi juu ya gunia akawasimulia watoto jinsi walivyokuwa wakipanda kilimani na babu yake kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani, mwembamba kama ukucha, na jinsi mawingu yalivyowachezea. Sikitu anasema hajawahi kuwaona wanafunzi wake wametulia vile. Mzee Apollinaire alirudi ndani, akatoka na benchi.

Wiki iliyofuata watoto waliozuiwa walirudi, wengine wakiwa na mama zao.

Bado kuna jambo moja linalomkera Sikitu. Kwa sababu ya usalama, usiku watu wa mtaa hujifungia mapema, na wengi wa watoto hao hawajawahi kukaa nje kuangalia nyota. Basi amepanga safari ya Butembo wakati wa likizo. Dada yake, Solange, ana nyumba huko yenye ua uliozungushiwa ukuta wa matofali, ambamo watoto wanaweza kukaa nje usiku. Lukman ameahidi gari. Watasafiri asubuhi, na kulala huko huko.

"Mawingu ya Butembo ni mingi," Sikitu anasema. "Ikifunika, tutangojea. Batoto yangu, nataka balale chini kwa mukeka, baangalie juu mpaka usingizi ibachukue, na mutu yeyote asibaambie: ingieni ndani."