Watoto wangu wamerudi nyumbani kwa sababu ya mchezo ulio juu ya kabati

Mhariri, jina langu usiweke, na ya shamba pia usiweke. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne. Nachuna majani chai hapa upande wa Sotik. Shule niliacha darasa ya tatu, kwa hivyo mnivumilie. Bibi yangu alikufa, sasa ni mwaka wa tatu. Nakaa peke yangu kwa nyumba ya laini, hizi za wafanyakazi wa shamba.

Kukaa peke yako si njaa. Ugali najua kupika. Shida ni ukirudi na mvua hakuna mtu wa kukugombeza uvue viatu. Unaingia tu na matope yako. Jumapili ndiyo mbaya zaidi, maana hakuna kazi. Kijana wangu anauza kwa duka ya hardware Nakuru. Msichana aliolewa Ndanai, si mbali. Lakini tangu tuzike mama yao, hakuna aliyekuja kulala. Nilikuwa natuma salamu na watu. Salamu zilikuwa zinarudi peke yake.

Sasa nieleze hii kitu. Bibi yangu alikuwa anafanya kazi ya nyumba kwa meneja mzungu. Huyo meneja akahama na watu wake, na madam akampa bibi yangu nguo, sufuria, na boksi moja ya mchezo wa TV. Ni ile kaseti unachomeka kwa mashini, halafu watoto wanapiganisha watu kwa kioo. Kijana wao alikuwa ameletewa mbili za kufanana, hii moja hata hakufungua. Boksi imechorwa wanaume wawili wanarushiana mateke, na nailoni yake ya dukani iko juu bado.

Sisi TV hatuna, stima hatuna. Bibi yangu akaiweka juu ya kabati, akaifunika na kitambaa alishona na mkono. Kitu mpya kwake haikuwa inafunguliwa ovyo. Hata viti vilikaa na plastiki mpaka ikapasuka yenyewe. Alisema, "Hii tutafungua siku kijana atanunua TV." Akafa ikiwa hapo.

Mwaka huu kiwanda ililetewa fundi mzungu wa mashini ya kukausha majani. Mchana mmoja mvua ya mawe ilimpata karibu na laini yetu, akakimbilia kwangu na dereva wake. Nilikuwa na kikohozi siku hiyo, na kitambaa nilikuwa nimetoa nifue. Alikuwa anajipanguza maji, akaona ile boksi, akasimama kama mtu ameona nyoka.

Dereva akaniambia, "Mzee, anauliza kama hii imewahi kufunguliwa."

"Mwambie hata panya hajafungua."

"Anasema zilitengenezwa kidogo, na watu wote walifungua wakacheza. Yeye hukusanya hizi za zamani. Kwao ana chumba mzima."

"Anazichezanga?"

"Hapana. Anaweka tu."

Nikacheka. Nikasema huyu angeelewana na bibi yangu.

Akataja bei. Hiyo bei unanunua ng'ombe wa gredi wawili wenye maziwa. Lakini ukipasua nailoni, dereva alisema, hupati hata mbuzi. Nikasema nitafikiria.

Habari ikatembea. Wiki hiyo kijana wangu akafika kutoka Nakuru na mkate na sukari. Kabla hajakaa akaangalia juu ya kabati, akaniita baba kwa lugha yetu: "Tata, kumbe tunalala na ng'ombe kwa nyumba na hatuna habari!" Msichana akaja na watoto wake, wakalala. Majirani wakaingia kuona. Mmoja ananiambia, "Siku hizi hata kuku wako anatembea na maringo." Mzungu naye anakuja kila Jumapili kunibembeleza. Lugha hatuelewani, lakini ananionyesha kifua na mkono, anauliza kama kile kikohozi kimepona. Mtu mwingine hajaniuliza hiyo.

Ni wiki nyingi nyumba imejaa. Nimesikia watu wakibishana ndani mpaka nimesahau redio. Mimi nasema tu, bado nafikiria.

Jumapili iliyopita kijana akachoka. "Tata, unafikiria nini? Mzungu anaenda kwao mwisho wa mwezi."

Msichana akasema, "Mama alikuwa anatuwekea sisi. Uza, tugawane."

Ni kweli, alikuwa anawawekea. Pesa sikatai, wachukue yote. Nikamuuliza kijana, "Ukishapata yako, Krismasi utakuja?"

Akacheka. "Na wewe, Tata! Si nitakutumia kitu na basi."

Hakusema na ubaya. Hiyo ndiyo iliniuma. Alikuwa anafikiria nataka kitu.

Walipoenda nilichukua kisu ya jikoni nikaweka kwa nailoni. Nilitaka nipasue, iwe haina bei, nione nani atarudi. Mkono ukakataa. Niliogopa kuona.

Nikiuza, wataenda na pesa. Nikikataa, mzungu ataenda, na watoto wataenda na hasira. Nikipasua ni hivyo hivyo. Nimezunguka hii maneno mpaka kichwa inauma.

Nyinyi mnaosoma hii ukurasa ni wengi, na wengine mmezeeka kama mimi. Bei sitaki mniambie, bei najua. Niambieni tu hii: baba ambaye hana kitu ya kuuza, anafanya nini ndio watoto waje kumwona?

Nishaurini. Mwezi unaisha.