Kiporo cha Baba

Umeme wetu wa hapa Gitega nadhani habari zake umeshazisikia. Huondoka bila kuaga na hurudi ukipenda wenyewe. Wiki iliyopita uliondoka asubuhi nikiwa napiga pasi nguo ya mteja, na kesho yake mchana ulikuwa bado haujarudi. Pasi haikunisumbua, ninayo nyingine ya makaa. Kilichonisumbua ni friza. Niliingia jikoni nikakuta maji yametambaa sakafuni, na ndani makopo yangu yote yameanza kutoa jasho.

Inabidi nikueleze hayo makopo. Mimi ni fundi cherehani, naishi peke yangu, na kutwa nzima niko sokoni nimeinamia nguo za watu. Makaa nayo yamepanda bei, kiasi kwamba kuwasha jiko kila siku kwa ajili ya tumbo moja ni kujitafutia umaskini. Kwa hiyo napika Jumapili tu. Jumamosi naloweka maharage, kesho yake nayachemsha kwenye sufuria kubwa bila chumvi mpaka yalainike ila yasipasuke. Nayaacha yapoe kabisa, kisha nayagawa kwenye makopo ya plastiki ambayo zamani yalikuwa ya siagi. Kitunguu na chumvi vinangoja siku ya kula. Siku hiyo unakaanga kitunguu chako kwa mawese, unamwagia maharage yaliyoganda, unafunika, na anayepita nje atadhani umeyapika leo. Sombe nayo, yale majani ya muhogo ya kutwanga, inapatana sana na barafu, mimi naona hata hurudi tamu zaidi. Viazi usijaribu. Nilijaribu mara moja vikatoka vimejaa maji kama sifongo, nikavila kwa hasira tu ili nisivitupe. Na kopo usilijaze hadi mdomoni, maana chakula kikiganda hufura na kuusukuma mfuniko.

Basi nikiwa nimesimama mbele ya friza sijui nianze wapi, aliingia jirani yangu. Kwao ni Itaba, lakini amekulia Tanzania na kurudi akiwa mama wa watoto, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Alichungulia mara moja tu akajua la kufanya.

"Dada, hiki chakula hakitafika kesho," alisema. "Tukipashe chote leo, watoto wale, na wewe ule nao."

Tukawasha imbabura mbili, majiko yetu ya makaa, uani, yangu na yake, tukapasha kopo baada ya kopo. Watoto wake walikula maharage, wakala sombe, wakarudia maharage, mmoja akalala palepale mkekani kijiko kikiwa mkononi. Nilifurahi kuwaona, sikufichi. Uani kwangu huwa hakuna kelele isipokuwa za kuku wa watu. Mwishoni likabaki kopo moja, lililofungwa ukanda wa kitambaa cha kijani. Jirani akalinyooshea mkono.

"Na hili?"

"Hilo ni la mwanangu."

"Anakuja lini?"

"Alisema Idi."

Hakuniuliza Idi ipi. Alikusanya sufuria zake na watoto wake, akaniaga, nikabaki na lile kopo mapajani, linaniloweshea kanga. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi, na nikimkumbuka bibi nakumbuka sahani.

Bibi huyu ni mama yake baba, na ndiye aliyenilea kule Muyinga. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alikuwa akifanya biashara ya mitumba, akivuka mpaka kwenda Kahama na kurudi, halafu siku moja akavuka na hakurudi tena. Nilikuwa mdogo mno hata sura yake sikuishika. Nilichobaki nacho ni harufu ya sabuni aliyokuwa akiogea, na hiyo pia sina hakika kama ni yake au ya mjomba fulani.

Nyumba yetu ilikuwa katika mtaa wa Waswahili, chini kidogo ya msikiti. Bibi alishona kofia za kutarizi. Aliketi mlangoni na sindano yake, akipigana maneno na kila mpita njia, na aliyekuja kuchukua kofia aliondoka ameshataniwa kuhusu ukubwa wa kichwa chake. Asubuhi za Muyinga ni za baridi, ukungu unakaa vilimani hadi jua likaze, na moshi wa jikoni hauendi juu, unatambaa tu chini ya mapaa. Siku za soko walishuka wanawake kutoka Buhinyuza na vikapu vya maharage vichwani. Bibi hakununua bila kung'ata harage moja kwanza. Likigoma kuvunjika alilitema, akamrudishia mwenyewe kikapu kwa adabu: "Mama, hii iko ya mwaka jana. Itanimalizia makaa."

Alipika mara moja kwa siku, baada ya swala ya alasiri. Makaa yalikuwa ya kubana hata wakati ule. Chakula kikiiva alipakua sahani tatu, na ya kwanza haikuwa yake wala yangu. Ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu uliobanduka sehemu moja. Hiyo ilikuwa ya baba. Aliiwekea ugali wa muhogo, maharage, na kama kulikuwa na ndagala, wale dagaa wetu, aliwapanga juu mmoja mmoja kama anayepamba. Kisha aliifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kopo lililopinduliwa ndani ya beseni la maji ili sisimizi wasiifikie, na beseni akalisogeza karibu na dirisha, mahali penye baridi. Nikiikodolea macho alisema, "We, acha. Iko ya baba yako. Akifika asilale njaa."

Asubuhi aliifunua sahani kabla hata ya kuswaki. "Hakufika," alisema, kwa sauti ileile ambayo angesema mvua haikunyesha. Kisha alikoka makaa machache yaliyobaki chini ya majivu, akatia tone la mawese kwenye kisufuria, akaumega ule ugali wa jana vipande vipande akaukaanga hadi ukafanya ukoko, akamwagia maharage na maji kidogo. Hakukoroga ovyo. Alikwangua chini taratibu, anangoja, anakwangua tena. Chumvi aliionja kwa ncha ya kidole. Halafu akaniwekea mbele, na chai ya rangi yenye tangawizi pembeni. Mpaka leo sijala kitu kinachoshinda kile.

Chuoni nilifika nikinuka mawese. Mwalimu wetu wa Kurani, mtu mpole mwenye pua kali, alikuwa akisimama katikati ya aya na kuuliza, "Nani amekula kiporo leo?" Wenzangu wote walinigeukia. Wala sikuona aibu. Wenzangu walikuwa wakijisifu, huyu baba yake kamnunulia viatu, yule kamletea mpira. Mimi nilisema baba yangu ananilisha kila asubuhi. Na sikuwa nadanganya. Katika kichwa changu cha mtoto ndivyo ilivyokuwa hasa: baba alikuwa mtu wa asubuhi, mwenye ladha ya ukoko na tangawizi, na mtu wa namna hiyo hata asipoonekana si kwamba hayupo.

Kisha akaja.

Ilikuwa magharibi, tumeshakula, sahani yake imeshafunikwa. Mlango ulibishwa, bibi akatambua ubishaji kabla sauti haijasema hodi, akasimama haraka mpaka kofia aliyokuwa akishona ikaanguka. Aliingia mwanaume mnene kuliko nilivyomtunga, mwenye koti zuri. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili. Hakulia. Aligeuka moja kwa moja kwenye beseni, akaitoa sahani, akaifuta maji chini kwa upindo wa kanga, akaanza kuelekea jikoni kuipasha.

"Mama, acha tu," baba alisema. "Nilikula ku njia. Mi nimeshiba kabisa."

Bibi alisimama pale mlangoni na sahani mkononi. "Kidogo tu, baba."

"Kweli mama, nimeshiba."

Sikiliza, sidhani alikuwa na ubaya. Huenda alikuwa amekula kweli. Hakujua chochote kuhusu beseni na sisimizi, na bibi hakumwambia. Alirudisha sahani mahali pake, akaifunika, akaja kuketi. Baba alizungumza juu ya Kahama, juu ya duka, na polepole, akiyaangalia magoti yake, juu ya mke aliyenaye kule na watoto. Bibi aliitikia vizuri, akauliza majina ya watoto, akayarudia ili asiyasahau. Kulipopambazuka baba alitafuta gari la kurudi mpakani. Aliniachia viatu vilivyonizidi mguu, na bibi akamwachia kitenge.

Asubuhi hiyo bibi hakusema "hakufika". Alikipasha chakula kama siku zote, kwa subira ileile, akanipa. Kilikuwa ni kilekile cha kila siku, lakini niliacha nusu. Hakunigombeza, na huyo ni bibi ambaye punje moja ya wali ikianguka ilisomewa hotuba.

Jioni alipakua. Ile ya ukingo wa buluu kwanza, kama kawaida. Aliishika muda kidogo, mvuke ukimpanda usoni, halafu badala ya kutafuta ya kuifunikia akaisogeza mbele yangu.

"Kula," alisema. "Ingali moto."

Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Beseni likarudi kufulia nguo. Nilikuwa nakula vizuri zaidi, tena chakula cha moto kilichotoka jikoni, mashavu yakanijaa, majirani wakasema huyu mtoto ameanza kuwa mtu. Lakini asubuhi ilikuwa chai tupu. Mwalimu hakuuliza tena nani amekula kiporo, na mimi sikuwa na la kusema wenzangu wakijisifia baba zao. Bibi aliendelea kutania watu na vichwa vyao. Kitu kimoja tu kilibadilika: gari likinguruma kutoka upande wa mpaka hakuinua tena macho kutoka kwenye sindano. Nilikuwa na huzuni, na sikujua kama nina haki ya kuwa na huzuni huku nimeshiba.

Ile nyumba ya Muyinga siku hizi ina mwenyewe mwingine. Nilipita mwaka jana. Jiko la bibi wamelifanya chumba cha kuchajia simu, dirisha lililokuwa karibu na beseni limezibwa kwa tofali. Wanawake wa Buhinyuza bado wanashuka na maharage. Hakuna anayeyang'ata, mteja anauliza bei anapita. Sahani ya ukingo wa buluu sijui ilikwenda wapi. Bibi alipofariki niliitafuta hadi chini ya kitanda.

Nikiwa pale uani na kopo langu la ukanda wa kijani nilijisikia vibaya kwa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Bibi alingoja kwa siku moja moja. Chakula chake kisingeweza kuvuka asubuhi, kwa hiyo kila asubuhi alilazimika kufunua, kuona, na kusema hakufika. Mimi nimepewa friza. Sombe ya mwanangu niliipika na karanga, apendavyo, nikaigandisha, na tangu hapo kila Jumapili naisogeza tu pembeni ili makopo mapya yapate nafasi. Barafu haisemi hakufika. Mwanangu yuko Dar es Salaam, ana kazi, ana marafiki, akipiga simu anaongea kwa haraka na kwa upendo, na mimi namwambia usijali, chakula chako kipo.

Nililifungua kopo. Nikaipasha ile sombe kwenye imbabura, taratibu, nikikwangua chini na kungoja. Nikaipakua kwenye sahani ikiwa inatoa mvuke, nikageuka kuiweka mbele ya mtu.

Kulikuwa na mkeka tu. Nilisimama na sahani yangu kama bibi alivyosimama mlangoni, na sikuona aibu kulia. Miaka yote nilidhani siku ile bibi alinipa chakula cha baba kwa sababu kilikuwa kimekosa mwenyewe. Sikujua kwamba kuacha kungoja nako kunataka mtu, mtu wa kumsogezea sahani na kumwambia ale ingali moto. Bibi alikuwa na mimi.

Umeme ukarudi hapohapo. Taa zikawaka mtaa mzima, watoto wa jirani wakashangilia, na friza yangu ikaanza kunguruma jikoni ikiwa tupu. Sikuirudisha sombe humo. Nilichukua sahani ya pili nikafunika, nikatia maji kwenye beseni, nikapindua lile kopo la mwanangu katikati, nikaweka.

Asubuhi nilifunua kabla ya kuswaki. "Hakufika," nilisema, kwa sauti, na jikoni hakukuwa na wa kunisikia. Nikakoka makaa machache, nikakipasha kiporo, nikakila chote na chai ya rangi. Kisha nikaosha sahani zote mbili nikaenda sokoni.