Shangazi Ahamishiwa Darasa la Saba

Shule nzima ilimwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mwenyekiti wa bodi ya wazazi, ingawa hakuwa na undugu na mtu yeyote pale. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Karibu kila mtoto aliyesoma katika shule ile ndogo ya binafsi alianzia mikononi mwake, akilia, akijikojolea, aking'ang'ania sketi ya mama yake kama kupe, na aliondoka chumbani mwake akijua kufunga vifungo na kuomba samahani. Jina lenyewe alipewa na kitoto kimoja kilichoshindwa kutamka "mwalimu". Likamganda.

Kazi ile ilikuwa imemwingia kwenye damu. Mfukoni hakukosa leso, plasta na kipande cha krayoni. Goti lake la kushoto lilialika kila alipochuchumaa, na kuchuchumaa ndiyo ilikuwa kazi yake, maana watu wake wote walikuwa huko chini. Nyumbani, mumewe, fundi saa mpole asiyependa makuu, alikuwa amezoea kuulizwa mezani, "Tumenawa?" naye hujibu, "Tumenawa, Shangazi," bila hata kuinua macho. Siku moja benki aliwaambia watu wazima kwenye foleni, "Hatusukumani, tunasubiri zamu," na watu wazima wale, wengine na suti zao, wakaacha kusukumana. Siku nyingine alimpigia daktari wa meno makofi kwa kuwa amemaliza kazi vizuri bila kulia.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aliporudi kutoka kwenye semina akiwa na wazo jipya, Shangazi hakuwa na shaka kwamba wazo hilo lingewahusu wengine.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mrefu, mchangamfu, mwenye ugonjwa wa semina. Kila alikotoka alirudi na kitu. Mara hii aliwakusanya walimu siku chache kabla ya shule kufunguliwa, akasugua viganja vyake kama mtu anayeota moto, akasema, "Mwalimu akikaa darasa moja miaka nenda miaka rudi, anaota kutu. Mwaka huu tunabadilishana! Shangazi, wewe unakwenda darasa la saba. Chekechea anachukua Kipeo."

Kipeo alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba kama rula, anayevaa tai hata siku ya kufanya usafi. Wanafunzi walimwita hivyo kwa sababu ya vipeo vya pili na vya tatu alivyowatesa navyo. Hakuna aliyewahi kuyaona meno yake yote. Sasa rangi ilimtoka usoni, akashika tai yake kwa mikono miwili.

"Mama," Shangazi alisema, "mimi na darasa la saba tutaongea nini? Wale wana ndevu."

"Wanazo chache tu," mwalimu mkuu alimfariji. "Utazizoea."

Asubuhi ya kufungua shule, geti lilikuwa vurugu tupu. Mabegi makubwa kuliko wenye mabegi, viatu vipya vinavyobana, akina baba wakipiga picha, akina mama wakifuta midomo ya watoto kwa mate. Shangazi alijikaza asiangalie upande wa chekechea, lakini macho hayana adabu. Alimwona Kipeo amesimama wima mbele ya mstari uliokuwa hautaki kuwa mstari, na kitoto kimoja kimemshika tai kikiivuta kama kamba ya kengele. Moyo ukamuuma. Akageuka, akapanda ngazi kuelekea darasa la saba, akijisemea kwamba mtu hali mtu.

Kiti cha mwalimu wa darasa la saba kilikuwa kirefu. Alipokikalia, miguu yake ilining'inia. Mbele yake walikaa vijana wenye mabega, wenye nywele zilizotengenezwa kwa muda mrefu mbele ya kioo, wote wakipiga kelele kama soko. Shangazi alikuwa ameiandaa sentensi ya kuanzia, sentensi ya heshima kabisa, yenye neno "mtaala". Alipofungua mdomo, ikatoka nyingine:

"Haya, watoto wazuri! Vidole midomoni!"

Vidole vikaenda midomoni. Si vyote, ila vingi, kwa mazoea ya mwili tu, kabla vichwa havijapata nafasi ya kukataa. Nahodha wa timu ya mpira, kijana mrefu aliyekuwa ameanza kuota kisharubu, alijikuta kidole chake kiko juu ya kisharubu hicho hicho. Akakiangalia kidole kwa mshangao, kama cha mtu mwingine.

Hapo ndipo Shangazi alipomtambua vizuri. "Wewe! Si ndiye uliyekuwa unakula chaki?"

Darasa likalipuka. "Nyeupe tu, Shangazi," nahodha alijitetea, kwa sauti iliyoanza nzito na kuishia nyembamba. "Za rangi nilikuwa naziacha."

Basi ikawa kama bomba limepasuka. "Shangazi, na huyu je?" "Shangazi, mtaje huyu!" Kila mmoja aliogopa kutajwa, na kila mmoja aliogopa zaidi kusahauliwa. Shangazi hakuwa amemsahau hata mmoja. Huyu msichana anayejifanya hana habari na mtu alikuwa halali mpaka ashikiwe sikio. Yule wa kona alimwoza rafiki yake kwa mti wa uani, na kukawa na wageni waalikwa. Yule mwenye miwani alikuwa akivua nguo zote kila mvua ikinyesha, akidai ni zamu ya kuoga. Walicheka mpaka wakalaza vichwa mezani, na somo la sayansi, juu ya jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, likabaki ubaoni na kichwa chake cha habari tu.

Kengele ya mapumziko ilipolia, Shangazi akawaamuru wapange mstari wawili wawili. "Tushikane mikono! Ngazini tunashikana mikono."

Hilo lilikuwa balaa. Wavulana waliangaliana kana kwamba wameambiwa wabusiane na nyoka. Wasichana wakaficha mikono migongoni. Lakini Shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni akisubiri, kwa ule uso wake unaoweza kusubiri mpaka jioni, wakaona afadhali wamalize. Wakashuka ngazi wamegusana kwa ncha za vidole, nyuso zimegeukia ukutani, huku darasa la sita likiwasindikiza kwa miluzi.

Waliporudi, alimwona vizuri msichana wa dirishani. Alikuwa mgeni, wazazi wake wamehamia mji huu kwa sababu ya kazi, na hii ilikuwa siku yake ya kwanza. Asubuhi alicheka na wenzake. Baadaye alicheka kidogo. Sasa alikuwa akichora duara juu ya duara kwenye kona ya meza kwa ukucha wake. Wenzake walipoanza tena "mtaje huyu, mtaje huyu," akainua kichwa na kusema taratibu:

"Na mimi je?"

Shangazi alimsogelea pale dirishani. "Wewe, mwanangu, sikuwa nawe."

"Najua," msichana alisema. "Nilikuwa nauliza tu."

Kauli ile Shangazi aliijua. Ilikuwa kauli ya mtoto anayetaka kitu sana na anajifanya hakitaki. Alikuwa na dawa yake kule chini: kumpakata mtoto mapajani. Huyu alikuwa mrefu kuliko yeye. Shangazi akapigwa na bumbuwazi, leso mkononi, hajui amfute nani nini.

Aliyemwokoa alikuwa nahodha. "Shangazi, umezeeka vibaya. Huyu humkumbuki? Si ndiye aliyekuwa akimng'ata mlinzi?"

Ilichukua muda kidogo, kisha mwenye miwani akadaka. "Haswa! Tena alikuwa akija shule na bata."

"Bata?" msichana aliuliza.

"Bata mzima. Mlikuwa mnalala naye kwenye mkeka mmoja, mnagombania shuka."

Wote wakamgeukia Shangazi, wanangoja. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watoto wasiseme uongo. Alilitazama jambo lile upande huu, akalitazama upande ule, kisha akainua kidole chenye kovu dogo, kovu la mkasi wa karatasi.

"Mnamtaja yule bata!" akasema kwa uchungu. "Hii hapa ni kazi yake. Mpaka leo kukiwa na baridi panauma."

Msichana akamtazama, uso mkavu kabisa. "Ulimchokoza mwenyewe, Shangazi. Ulimnyang'anya mkate."

Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta. Lakini msichana mwenye kushikiwa sikio alitikisa kichwa. "Bado kitu kimoja. Hapa hajawahi kulia. Sisi wote tulilia siku ya kwanza."

"Siwezi kulia hivi hivi," alisema mgeni.

"Ni rahisi," nahodha alisema. Akatoka mbele, akajitupa sakafuni mzima mzima, akakumbatia mguu wa meza na kutoa yowe: "Mama usiniacheee!" Mwenye miwani akamfuata, naye akaanza kufungua shati. "Hilo tutalisimulia tu," Shangazi alimwahi. Wengine wakaangukia walipoangukia. Mgeni alisita, akaangalia sketi yake mpya, kisha akapiga moyo konde. Akajitupa chini, akaushika mguu wa Shangazi na kulia kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani anayo. Shangazi akachuchumaa, goti likaalika, akaanza kumpapasa mgongo. "Basi, basi, mama anarudi. Mama amekwenda kazini tu."

Mlango ukafunguliwa.

Mlangoni walisimama mwenyekiti wa bodi katika suti yake ya kufungulia shule, mwalimu mkuu, na nyuma yao kundi la wazazi wapya waliokuwa wakitembezwa kuoneshwa shule. Mwenyekiti alikuwa katikati ya sentensi: "...na hapa ndipo penye darasa letu la juu, ambalo sifa yake kubwa ni nidha..." Sentensi ikamfia mdomoni. Mwanamume mmoja akawapenya wenzake. "Huyo ni binti yangu! Amepatwa na nini?"

Mtu mwingine angetafuta maelezo. Shangazi hakutafuta. Alikuwa chini, mtoto analia, baba yuko mlangoni na uso wa hofu, na hali hiyo aliijua kuliko alivyoijua sura yake mwenyewe. Maneno yakaja yenyewe, laini na yenye mamlaka.

"Ni siku yake ya kwanza, baba. Wote hufanya hivi. Wewe mwage, ondoka, usigeuke nyuma. Ukigeuka tu, tunaanza upya."

Baba akapunga mkono. "Kwaheri, mwanangu," alisema.

"Kwaheri, baba," msichana alijibu kutoka sakafuni, akijiuma mdomo asicheke.

Na yule baba akaondoka bila kugeuka. Wazazi wengine, wakidhani ndio utaratibu, wakamfuata. Mwenyekiti naye, ambaye alikuwa na mtoto aliyepita chekechea na aliyewahi kuamriwa hivyo hivyo na mama huyu huyu, alijikuta amefika mwisho wa korido kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye mwenyekiti.

Mchana mwalimu mkuu alimwita ofisini. Hakujua acheke au akaripie, kwa hiyo alimmiminia chai.

"Shangazi, darasa la saba walikuwa wanagaagaa."

"Walinyamaza upesi, mama. Wananyamaza wote." Kisha machozi yakamlengalenga. "Nirudishe kwangu. Huku juu nachekesha watu. Hata somo sijafundisha. Nirudishie watoto wangu."

Mwalimu mkuu alimwonea huruma. Wakashuka pamoja mpaka chekechea, wakichungulia dirishani kabla ya kubisha.

Kipeo alikuwa amekaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yamefika masikioni. Tai haikuwa shingoni. Ilikuwa imefungwa kiunoni mwa kitoto kimoja, ikawa mkia. Watoto wamemzunguka, wengine wamemwegemea, na kimoja kinamchunguza tundu la pua. Alikuwa akipanga vifuniko vya chupa sakafuni.

"Na tukiongeza kimoja?" aliuliza.

"Kwa nini?" kikauliza kitoto.

Kipeo aliinua macho, akamwona mwalimu mkuu, na uso wake ukajaa hofu.

"Usiniondoe hapa," alisema harakaharaka. "Umesikia? Ameuliza kwa nini! Kule juu wananiuliza tu kama itatoka kwenye mtihani. Mama, nakuomba. Nitafanya lolote. Nitasimamia bustani."

Akatabasamu kwa aibu, na meno yake yakaonekana yote. Yalikuwa mazuri.

Shangazi alisimama mlangoni. Alijua mahali pa kila kitu mle ndani. Akachuchumaa, akafungua mikono kama alivyofanya siku zote. Kitoto chenye mkia kilimtazama kwa makini, kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe nani?" kikauliza.

Walikuwa wapya, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Aliinuka polepole, akiegemea kizingiti, na akacheka kidogo. "Mimi ni mwalimu wa darasa la saba," alisema.

Jioni ile fundi saa alirudi nyumbani akakuta mezani kitabu cha sayansi kimefunguliwa na mkewe amevaa miwani.

"Simama hapa," Shangazi alimwambia. "Wewe ni mmea. Nyoosha mikono, hayo ni majani. Jua liko kule kwenye taa."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nielewe."

Fundi saa akanyoosha mikono na kuelekeza uso wake kwenye taa. Mkewe akamzunguka akinong'ona majina ya sehemu zake moja moja, anakosea, anarudia, anarudi kitabuni. Alipofika kwenye mizizi akamwambia avue soksi. Chai ilipoa, majani yakaanza kutetemeka, ila mmea haukulalamika.

"Sasa," alisema Shangazi, amesimama mbele yake na chaki mkononi, sauti yake imekuwa nzito kidogo kwa ajili ya wakubwa, "nani anaweza kuniambia huyu anakula nini?"