Dawa ya kukojoza ya mama mukwe na chumvi yake ya majivu

Wakuu, amani kwenu. Mimi si daktari, ni msomaji tu. Haya yametokea nyumbani kwangu hapa Kasongo, na nitayasimulia bila kuongeza chumvi. Mtaona kwa nini.

Mama mukwe wangu alikuja kutoka upande wa Kabambare, miguu imevimba. Kituo cha afya wakamkuta na tansion, damu inasukuma kupita kiasi. Muganga akampa hydrochlorothiazide, dawa ya kukojoza, akamwambia aache chumvi.

Dawa ikafanya kazi. Tatizo likawa njia.

Kwetu, mume na mama mukwe wake hawatazamani usoni wala hawaongei moja kwa moja. Sasa, njia ya choo inapita mbele ya baraza ninaposomea. Kila alipotoka, nilikimbilia nyuma ya nyumba na kiti changu mkononi. Jirani akamuuliza mke wangu kama nina ugomvi na jua.

Mama naye aliona haya. Akaanza kuruka vidonge, na miguu ikarudi kuvimba.

Ndipo akafika shemeji yangu, mfanyabiashara wa Salamabila, na boksi la spironolactone. Akampa mama yake mkononi, akamsifia: "Hii iko taratibu. Haikimbize mutu."

Wote tukafurahi. Nakiri, nilikitazama kiti changu kwa matumaini.

Lakini dawa haipiti kwangu bila kusomwa. Nikaomba ile karatasi ya ndani ya boksi, nikavaa miwani, nikafungua kamusi ya Kifaransa. Ilisema dawa hii huzuia potasiamu isitoke mwilini. Mgonjwa asile chumvi mbadala zenye potasiamu. Ikizidi, moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Nikajiambia, chumvi mbadala ni mambo ya mijini. Nikaanza kuikunja karatasi.

Kisha nikasikia harufu ya moshi jikoni.

Mama alikuwa ametii muganga: chumvi ya duka hakuigusa. Alirudi kwenye ile ya bibi zake. Unachoma majani ya kinamasi, unachuja maji kwenye majivu, unachemsha mpaka yakauke. Kwake hiyo haikuwa chumvi iliyokatazwa, ilikuwa chakula cha nyumbani. Nami nilishasoma kwamba sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni potasiamu. Alikuwa akiila na bugali tangu afike.

Mke wangu yuko sokoni. Shemeji ameshaondoka na pikipiki. Nikachungulia: mama ana kikombe mkono mmoja, kidonge mkono wa pili.

Nikageukia ukuta.

"Mama, usimeze hiyo."

 

"Kumbe mukwe wangu uko na sauti," akasema.

Nikaueleza ukuta kila kitu: dawa, majivu, moyo. Akauliza kama chumvi ya mama yake sasa imekuwa sumu. Nikajibu kwamba hilo tumuulize muganga, ila asiile pamoja na kidonge hicho. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

Muganga alimpima tena, akasikiliza moyo wake. Akasema hapa hakuna mashine ya kupima potasiamu, kwa hiyo kile kidonge cha "taratibu" tusicheze nacho. Arudie dawa ya kwanza, ameze asubuhi, asiruke. Chumvi zote mbili zipumzike. Chakula kitiwe limau, kitunguu na pilipili.

Miguu imepungua. Kiti nimekihamishia upande wa pili wa nyumba, wazo ambalo msomaji hodari angelipata siku ya kwanza.

Nilichojifunza: dawa isiyokusumbua si lazima iwe salama kwako. Na muganga aambiwe kila kinachoingia kwenye sufuria, hata kile usichokiita chumvi.

Kuongea, tunaongea sasa, ukuta ukiwa katikati. Kikiingia kitu kipya nyumbani, nasikia upande wa pili: "Mukwe, soma." Jana ilikuwa boksi la sabuni. Nililisoma lote.

Wakuu, huko kwenu mama mukwe akiugua, nani anamuuliza anakula nini? Semeni, nipo kitini.