Kwaya ya Wawira Haikusimama

Admin, ukiposti hii toa jina langu. La marehemu nimelibadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto wawili, ni fundi wa cherehani hapa Embu mjini ingawa nyumbani ni upande wa Manyatta. Wanaonijua watawaambia sijawahi kukosa neno la kusema. Nilikosa siku moja tu, na siku hiyo inaninyima usingizi.

Kila Jumapili baada ya kanisa tunakutana watu kama kumi na wawili kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la hardware, tunacheza dansi inayoitwa swing. Ni dansi ya zamani ya ng'ambo, ya watu wawili wawili, muziki wake umejaa tarumbeta na una haraka fulani ambayo hata ukija umenuna utajikuta unatabasamu. Tulifundishwa na mzee mmoja aliyestaafu ualimu, sisi tunamwita Mwalimu tu. Pombe hakuna, ni chai ya thermos na mandazi. Sheria yetu ni kwamba wimbo ukiisha unabadilisha mwenzako, na hakuna anayekataliwa, hata yule anayekukanyaga. Wanaume walipokuwa wachache nikajifunza kuongoza kama wao, na ndivyo nilivyoshikana mikono na Wawira.

Wawira alikuwa mwalimu wa nursery, miaka ishirini na saba, mtoto wa Ishiara. Mwembamba, mwoga wa kila kitu. Siku ya kwanza vidole vyake vilikuwa baridi. Baada ya miezi michache nilikuwa namzungusha huku anacheka, mpaka wengine wanaacha kucheza watuangalie. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Shida ilikuwa mamake. Mama huyo ameokoka tangu ujana, na kwake dansi ni dansi, iwe ya baa au ya mandazi. Kwa hivyo Wawira alimwambia Jumapili mchana huwa na mazoezi ya kwaya. Hata ile sketi pana niliyomshonea ya kuchezea, alimtumia picha akasema ni uniform ya kwaya, ameshonewa na fundi wa mjini. Mama wa watu akafurahi, akawaonyesha wenzake kanisani. Nikamtania, "Wawira, huo uongo siku moja utaitwa mbele uimbe solo." Hakucheka.

"Dada, promise hutawahi ambia mum. Hii kitu itammaliza."

Nikaapa.

Mwaka huu mvua ilipoanza alishikwa na homa ya mapafu. Alilazwa Jumatano. Jumamosi tukapigiwa simu kwamba ametuacha.

Tulikodi gari tukaenda Ishiara kumzika, sote kumi na mmoja. Njiani mimi ndiye niliyewaambia, "Mambo ya dansi tusitaje kabisa. Niliapa." Mwalimu akaniuliza kama ni haki. Nikamjibu vibaya.

Mnajua mazishi yetu yalivyo. MC anaita watu kwa makundi, kundi linasimama, linajitambulisha, mmoja anasema maneno mawili. Wakaitwa wajomba. Wakaitwa majirani, kisha walimu wenzake. Halafu MC akainua karatasi: "Sasa nataka kwaya ya Embu, ile marehemu alikuwa anaimba. Mama amesema wapewe nafasi waimbie mtoto wimbo moja."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Tulikuwa viti vya nyuma, na hatuna wimbo hata mmoja tunaoweza kuimba pamoja. Mama aligeuka akaangalia hema lote, kiti kwa kiti. Alinifikia mimi, akanitazama usoni, akapita. MC akaita tena, "Kwaya ya Embu? Hawakukuja?" Wenzangu walikuwa wananitazama, wakingoja nisimame ndipo nao wasimame, hata kama ni kusema tu sisi ni marafiki. Nikaangalia chini. MC akasema, "Basi, tuendelee."

Juzi mama huyo alinipigia kwa simu ya Wawira.

"Ni wewe ule fundi alimshonea uniform ya kwaya?"

"Ni mimi, Mama. Pole sana."

"Mwanangu, nisaidie. Mtoto yangu alikosea hao watu nini? Anaimba na wao miaka tatu, anakufa, hata mmoja hakuji kumzika? Wewe sikulaumu, wewe ni fundi tu." Akalia, nami nikalia nikiwa nimeziba mdomo. Kisha akasema, "Jumapili nakuja Embu. Utanipeleka kwa hiyo kwaya. Kama aliwakosea, niwapigie magoti wamsamehe."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Jamani, nikimpeleka kanisa alilosali Wawira, wataangaliana waseme hawamjui mwimbaji wa jina hilo, na mama atajua mbele ya wageni kwamba mtoto wake alimdanganya. Nikimwambia mimi, navunja kiapo nilichompa mtu ambaye hawezi tena kunifungulia. Mwenzetu mmoja anataka tujifunze nyimbo mbili haraka tujifanye kwaya, na aibu ni kwamba nililifikiria. Mwalimu anasema nimlete ukumbini aone video za mtoto wake akicheka. Nikinyamaza, mama atazeeka akiamini binti yake alichukiwa, na sisi tangu tumzike hatujaweza kucheza. Tunawasha muziki, tunakaa, tunakunywa chai, tunaenda nyumbani.

Atashuka stage ya matatu kesho kutwa saa nne asubuhi. Akiniona atanikumbuka, atajua nilikuwa pale na nilikaa kitini. Mlio na mama, na ninyi mlio mama, nishaurini. Nikishamshika mkono, nimpeleke wapi?