Tairodi Niliyoinywesha Maji

Sisi kwetu ni wahunzi. Baba yangu alifua majembe na mashoka mpaka mikono ilipomkatalia, na mimi nimerithi kibanda chake hapa Izia, Sumbawanga, pamoja na fuawe, mivukuto na kiburi. Nilikuwa mtu wa kutamba kwamba hakuna chuma kisichonitii. Watu waliniamini, na aliyeniamini kuliko wote ni shemeji yangu.

Shemeji, mume wa dada yangu mdogo, ni fundi magari. Mwaka mmoja alishikwa na wazimu wa kujiundia gari. Alipata Landrova ya zamani iliyobaki fremu na magurudumu, akaishusha chini, akaipachika injini ya gari dogo na viti vya basi bovu, kisha akaipaka rangi nyekundu ya mageti. Haikuwa na paa wala milango. Ekzosi yake ilikuwa bomba tupu, na ikiwashwa kuku wa mtaa mzima walitimua mbio. Vijana wa stendi walimzunguka kila alipoegesha. "Oya mshikaji, hii mashine umeitoa wapi?" Naye alijibu kwa madaha kwamba ameizaa mwenyewe.

Tatizo lilikuwa usukani. Injini ile ilikaa chini mno, na bakuli lake la oili likagongana na tairodi, kile chuma kirefu kinachofunga magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Fundi mwenye akili zake timamu angeinyanyua injini. Shemeji alisema akiinyanyua gari litapoteza umbo. Akaja kibandani kwangu na shafti ya gari bovu begani, akataka niipinde katikati ipite chini ya injini, ncha zake atazichomelea mwenyewe.

"Shemeji, kazi hii ni yako," aliniambia. "Wenzangu wa gereji wanajua kuchomelea tu. Chuma hawakijui."

Kichwa kilinivimba. Sikuuliza kama tairodi inafaa kupindwa, wala sikumkumbusha kwamba hapo anachezea roho za watu. Nilipima, nikakata kipande kilichozidi, nikachochea moto, nikaipinda ikapindika vizuri sana. Halafu, ikiwa bado nyekundu, nikaitumbukiza kwenye pipa la maji.

Kwetu jembe haliondoki kibandani bila kunyweshwa maji. Hiyo ndiyo inayofanya makali yavumilie mawe. Nilifanya bila kuwaza, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Lakini baba alikuwa akinywesha makali tu na kuacha mwili wa jembe laini, na mimi nilizamisha mpindo mzima. Kile kipande kilichozidi nacho nilikipasha moto ule ule, nikakitupa pipani, kije kuwa patasi yangu ya kukatia chuma. Kisha niliigonga tairodi kwa nyundo ndogo, ikalia kama kengele ya kanisa, nasi tukacheka kwa furaha.

Gari likaanza kutembea. Mwezi mzima lilizunguka mjini, na kila aliyelisifia aliambiwa kwamba usukani ule ni kazi ya mtoto wa wahunzi. Nilipenda kusikia hivyo. Nilikuwa napita stendi bila shughuli yoyote, ili nisikie tu.

Alhamisi moja asubuhi nilihitaji patasi. Nikakichukua kile kipande, nikakisimamisha juu ya bati nene, nikakipiga nyundo. Kikakatika vipande viwili kama muwa mkavu. Nilivitazama ndani: chembechembe za kijivu, hakuna hata dalili ya kupinda kabla ya kuvunjika. Chuma kile kilikuwa kigumu, lakini hakikuwa na uvumilivu wowote. Nilijua palepale kwamba tairodi iko vivyo hivyo, na kwamba kila shimo la barabarani linaigonga kama nyundo yangu. Jembe likivunjika, mteja hurudi nalo amefura kwa hasira. Tairodi ikivunjika, kila gurudumu linakwenda linakotaka, na huenda mteja asirudi kabisa.

Nilipaswa kwenda gereji saa ile ile. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda mchana, na mchana nikajiambia kwamba gari limetembea mwezi mzima bila kasoro. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Ningeanzaje kumwambia yule aliyekuwa akinitangaza mji mzima kwamba mtoto wa wahunzi ameshindwa kukijua chuma?

Ijumaa alikuja mwenyewe. Nilimsikia kabla sijamwona, nikavitupia gunia vile vipande. Akaketi kwenye kigoda, akanywa maji yangu.

"Jumapili nateremka Kipili, kule ziwani, shemeji. Naenda kumwonyesha mama gari. Nampeleka dada yako na watoto wote wawili."

"Njia ile ina makorongo," nilisema.

"Makorongo yatanifanya nini, na stelingi umeifua wewe?"

Nilicheka. Miguu yangu ilikuwa karibu na lile gunia kiasi kwamba ningelisukuma kwa kidole tu. Jumamosi nilishinda nimenuna, nikamfokea mteja aliyekuja kunolewa mundu, wala hakuwa na kosa.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, walipita nyumbani kuniaga. Watoto walikuwa wamevaa masweta na kofia kwa sababu ya upepo. Dada alikuwa amejifunga kitenge kichwani, amepakata kapu la ulezi wa mama mkwe wake. Alisema, "Shikamoo kaka, tuombee," nami nikaitikia marahaba, nikasema safari njema. Kwa mdomo wangu huu. Nikawapungia mkono mpaka walipokata kona.

Nilirudi ndani nikashindwa kunywa chai. Macho yangu yaliona mteremko tu, ule wa kushuka ziwani baada ya Namanyere, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili hakuna kitu. Nilimpigia shemeji simu ikaita mpaka ikakatika. Kwa kelele ile ya bomba asingesikia hata radi. Nikawasha pikipiki, nikawafuata. Njia nzima nilikuwa natazama kando, kwenye mitaro, nikitafuta rangi nyekundu.

Niliwakuta Namanyere, karibu na soko. Watoto walikuwa wanakula mihogo ya kukaanga, shemeji amezungukwa na watazamaji kama kawaida yake. Nilishuka, nikasimama mbele ya gari.

"Shemeji, gari hili lisisogee. Ile tairodi ni mbovu."

Alidhani namtania. Kisha akaniona uso, akatoa spana zake. Tuliazima jeki kwa fundi wa pancha, tukaifungua pale pale kivulini, watu wakitutazama. Shemeji aliilaza juu ya mawe mawili, akainua nyundo akipanga kunionyesha kwamba nimekosea. Pigo la kwanza tu, ikakatika kwenye mpindo.

Alivichukua vile vipande akanipa. Sehemu ndogo ya jeraha ilikuwa inang'aa, imevunjika sasa hivi. Sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ilikuwa nyeusi kwa vumbi na oili. Ufa ulikuwa umeanza siku nyingi, na walikuwa wametoka nao Sumbawanga, watu wanne juu ya chuma kisichozidi unene wa kidole. Shemeji aliuchomoa ufunguo wa gari, akautia mfukoni.

Dada alikuwa amesimama karibu, amewashika watoto mikono. Hajui magari, lakini alikielewa alichokiona.

"Kaka, umejua lini?"

Kila kitu kilikuwa wazi: soko, jua, uso wake. Ningeweza kusema.

"Asubuhi hii," nilimjibu. "Mlipoondoka tu."

Akapiga magoti mbele ya watu wote, akanishika miguu, akalia, akamshukuru Mungu kwa kunipa mimi. Nilimwinua haraka, nikasema tusifanye maonyesho. Shemeji alinitazama, kisha akaanza kukusanya spana zake. Walirudi kwa basi. Gari lilibaki pale Namanyere, na baadaye aliling'oa injini akalifanya tela la trekta.

Siku hizi wakiniletea chuma cha usukani nakataa, hata akija rafiki. Nawaambia waende kununua kinachotoka kiwandani, kilichonyooka. Wananiona nimezeeka, basi.

Dada amesimulia habari ile kila mahali, misibani na kwenye kipaimara. Kila Krismasi ananipakulia mimi kwanza, kabla ya mume wake, na watoto wanangoja. Mwaka jana wageni walimuuliza kwa nini. Akaniwekea mkono begani, akawaambia kwa fahari:

"Kaka yangu huyu, akijua jambo la hatari hakai nalo hata saa moja."

Nilikaa nalo siku tatu. Nikavuta sahani, nikaanza kula.