Mchoro Haugeuzwi

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha michoro cha kampuni ya ujenzi pale Kilosa, tulikuwa wanne. Mzee Hamisi Chibwana, mchoraji mkuu, mwenyeji wa Zombo. Rehema, mtoto wa kaka yake, aliyeniombea kazi kwa sababu tulimaliza la saba pamoja. Festo Masanja, mchoraji msaidizi, ambaye wazazi wake walihamia Chanzuru na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Na mimi, Mwanahawa, mnakili: mchoro ukikamilika, naweka karatasi ya tresing juu yake na kuufuatisha kwa wino.

Kona moja ikanishinda kuifikia, nikaizungusha karatasi. Mzee Chibwana akagonga meza kwa rula.

"Mwanangu, karatasi ikishabanwa mezani haigeuzwi! Inama wewe."

"Ataota kibiongo, mzee," Festo akasema.

"Bora kibiongo chake kuliko kibiongo cha nyumba ya watu."

Alikuwa na haki. Tii-skwea, ile rula ndefu inayoteleza ukingoni mwa meza, ndiyo iliyotunza unyoofu. Ukigeuza karatasi umeupoteza. Kwa sheria hiyo tulichora madarasa, tukachora maghala ya kule Kilangali, na hakuna ukuta uliopinda.

Kisha ukaja ubinafsishaji. Kampuni ikauzwa. Mhandisi Mkuu mpya akaja na kompyuta moja, akatangaza kwamba kiti cha mchoraji kitabaki kimoja. Mzee Chibwana na Festo kila mmoja achore paa la nyumba ya wageni itakayojengwa Mikumi, kwa vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Atakayeshindwa aende kwao akalime.

Festo alikuwa amesomea kompyuta kidogo Morogoro, akatufundisha wote. Kulikuwa na kitu tulichokiita snapu. Ukisogeza mshale karibu na mstari, kinachomoza kialama: mraba kwenye ncha, pembetatu katikati. Ukibofya, mstari wako unanasa hapo hapo, haupishani hata unywele. Mzee Chibwana alikipenda kweli.

"Hii ndiyo tii-skwea isiyochakaa."

"Lakini mzee, yenyewe inanasa tu, haijali juu wala chini," Festo akamwonya. "Ukitazama kutoka juu, mgongo wa paa na boriti iliyo chini yake vinaonekana mstari mmoja. Kila ukinasa, zungusha mchoro, uutazame ubavuni."

"Masanja, mistari ikikutana imekutana. Mchoro haugeuzwi."

Siku ya kukabidhi tulikuwa wale wale wanne, na Mhandisi Mkuu. Kutoka juu, paa la Mzee Chibwana lilipendeza kuliko la Festo. Mhandisi akashika kipanya, akaligeuza ubavuni. Mgongo wa paa ulikuwa umening'inia hewani peke yake. Makombamoyo yote, ile miti ya mteremko wa paa iliyopaswa kupanda mpaka kuufikia mgongo, yalikuwa yamelala bapa juu ya boriti. Snapu ilikuwa imenasa kwenye boriti ya chini badala ya mgongo wa juu.

"Shikamoo mzee," Mhandisi akasema. "Hapa wageni watalala na mvua."

"Marahaba," Mzee Chibwana akaitika kwa sauti ndogo, akavua miwani.

Aliondoka na baiskeli yake kwenda Zombo, ubao wa kuchorea ameufunga nyuma. Festo akakikalia kile kiti na wala hakuchangamka. Mimi nilibaki mnakili, baadaye nikafundishwa kuchora, mpaka nikastaafu. Ninyi mnaochora leo, jueni kwamba nilinasa na kugeuza, nikanasa na kugeuza, miaka yote ile. Na kila nilipogeuza nilisikia rula ikigonga meza. Kazi ilibadilika, mtu akatupwa kwa kosa la kuishika sheria iliyomfanya awe fundi.

Mzee Chibwana na Rehema wametangulia. Festo sijui aliko. Ninavyokumbuka mimi, paa lile lilipogeuzwa, hakuna mle chumbani aliyesema mzee apewe walau nafasi ya kurekebisha. Kama kuna anayejua kwamba mmoja wetu alisema, hata Festo mwenyewe, naomba anisahihishe. Hapo nitafurahi kuwa nimekosea.